Maji ya Kuungia Kimea

Kwa maelezo ya Roseline, jirani wa mlango wa tatu, busaa ya Mama Agneta haikufa yenyewe, iliuawa. Aliyeiua ni mke wa Absalom, yule msichana wa Kaloleni, na Roseline alimwona kwa macho yake mwenyewe, si ya kuazima. Alimwona ameinama juu ya pipa, mikono inanuka tui la nazi, akakoroga kwa mkono wa kushoto, kisha akacheka. "Alicheka, jamani! Mtu anacheka juu ya pombe ya wazee?" Na kila aliposimulia, kitu kiliongezeka. Asubuhi pale bombani ilikuwa nazi tu. Mchana kwa fundi wa cherehani ikawa nazi na chumvi. Jua likielekea kuzama, msichana alikuwa mwezini, amefunga uzi mweusi kiunoni, na pipa lilikoroma kama mtu anayekabwa.

"Watu wa mnazi hao," Roseline alimalizia. "Kazi yao kupanda mti na kushuka. Busaa wataijulia wapi?"

Kafedha, ndiye huyo mke wa Absalom, aliyasikia hayo akiwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Shule aliiacha darasa la nane, lakini kutazama hakukumwacha. Alibana kibanio cha mwisho kwenye kamba, akainua beseni, akaingia ndani.

Ukweli alikuwa nao yeye, na ndio uliomnyima usingizi.

Ile busaa ilipikwa kwa ajili ya wazee wa Mikindani waliokuja kumposa Dorothy, kitinda mimba wa nyumba. Kwa kina Mama Agneta, watu wa Butere, pande mbili za ndoa hunywa kutoka chombo kimoja, kila mzee na mrija wake mrefu. Wasipokunywa pamoja, yote waliyoongea ni maneno ya njiani. Siku ile wazee wa watu waliingiza mirija, wakavuta mara moja, wakatazamana, wakaitoa mmoja mmoja. Kilichokuwa chomboni ni uji baridi usio na uhai. Ikabidi ziletwe soda. Wazee na vifimbo vyao wakanywa soda kama watoto wa Krismasi, wakaaga mapema, wakasema watarudi Jumamosi nyingine, "mkiwa tayari."

Sasa, aliyepima joto la uji ule hakuwa Kafedha. Yeye alishika beseni la kimea tu, wimbi lililooteshwa, likaanikwa, likasagwa, ambalo ndilo roho ya busaa. Kazi yake ilikuwa kungoja aambiwe amwage. Mama Agneta ndiye aliyekuwa ameinama juu ya pipa la uji mzito wa unga uliokaangwa. Uji huo hupozwa kwa maji ya jerikeni, kidogo kidogo, hadi kiwiko kikubali. Na kiwiko kilikuwa na sheria yake, ambayo Mama Agneta alifundishwa na mama yake: unakitumbukiza, unalitaja jina lako na majina ya watatu waliokutangulia, polepole, kila mtu na heshima yake. Ukishindwa kufika kwa wa mwisho, uji ungali moto, utaua kimea. Ukimfikia bila kushtuka, mwaga.

"Agneta wa Makokha wa Anyonyi wa Namatsi," alitaja siku ile, sauti imetulia kama anayeitikia sala. "Haya, mwaga."

Na mvuke ulikuwa unampiga Kafedha usoni mpaka kope zikalowa.

"Mama, naona kama bado—"

"Mwaga, nimesema. Ama leo wewe ndio unanifundisha?"

Akamwaga.

Tangu siku hiyo Mama Agneta alivaa sweta. Changamwe, mwezi wa Machi, lami inalainika chini ya malori ya mafuta, mbwa wanatafuta kivuli cha nguzo ya stima, na yeye yumo ndani ya sweta ya mikono mirefu. Kafedha alipoifua, alikuta ndani ya mkono wa kulia ganda la ngozi, jembamba kama la kitunguu.

Basi akaanza kuangalia. Akamwona mkwewe anaepua sufuria jikoni bila kitambaa, tena bila haraka. Akamwona anatoka msalani na kandambili moja, nyingine imebaki nyuma, na mwenyewe hana habari mpaka alipoiona kwa macho. Marehemu mzee wa nyumba hii, baba yake Absalom, aliondoka duniani kwa sukari, na kabla ya hapo ilianza hivi hivi: kandambili, kisha kidonda, kisha mguu. Kafedha hakumkuta, lakini alisimuliwa na Absalom.

Angemwambia nani? Mke wa mwana hasimami mbele ya mkwewe akamwambia, mama, mkono wako umekufa. Na Absalom mwenyewe alikuwa njiani na lori lake, mara Malaba, mara Kampala, simu yake inashika na kukatika.

Kisha simu nyingine ikashika vizuri sana. Shangazi Rispa, dada wa marehemu mzee, alipiga kutoka Butere, na Mama Agneta, asiyejua kupunguza sauti ya simu, akaiweka mezani ikaongea kwa nyumba nzima.

"Agneta! Habari ya soda imenifikia huku. Soda! Ndugu yangu akisikia huko aliko atageuka."

"Ni bahati mbaya, wifi."

"Bahati inavaa leso? Nimeambiwa ni huyo wa mnazi. Sasa sikia. Nakuja. Nitakaa pale mlangoni nione kwa macho yangu. Akiiharibu tena mbele yangu, siku hiyo hiyo anapanda gari la kwao. Absalom akirudi atakuta tumeshamtafutia mtu anayejua jiko."

Kafedha, akiwa anachambua mchele, alimtazama mkwewe. Alingoja aseme neno moja tu. Mama Agneta alivuta mkono wa sweta ukafunika hadi vidole.

"Sawa, wifi," akasema. "Karibu."

Hapo Kafedha akaelewa amebanwa wapi. Kiwiko kile kikipima tena, busaa itakufa tena, na yeye atarudishwa Kaloleni kama mzigo uliokosa mwenyewe. Akisema ukweli, nani atamwamini mkwe wa kuja dhidi ya mama wa nyumba? Palikuwa na njia moja, nyembamba: uji upimwe na kitu kisichoshikwa na ganzi.

Alianzia duka la dawa pale Chaani.

"Nataka kipimajoto, dada."

"Cha mtoto au cha mtu mzima?"

"Cha sufuria."

Muuzaji alicheka mpaka akaegemea kabati. Akamwonyesha kile cha kuweka kwapani. "Hiki mwisho wake arobaini na mbili. Mtu akipita hapo hatafuti mimi, anatafuta seremala." Kafedha naye akacheka kidogo, akashukuru. Kingemfaa nini? Uji unaoanzia moto ungekipasua, na kioo ndani ya pombe ya wazee ni kesi nyingine.

Cha pili alikipata mahali ambapo hakupenda kukitafuta. Roseline alikuwa bawabu wa kanisa, na tangu wakati wa korona alikuwa na ile bastola ya kupima watu paji la uso mlangoni. Ilikuwa imetundikwa juu ya kitanda chake kama picha ya harusi.

"Ya nini?" Roseline aliuliza, macho yamemtoka.

"Nataka kupima kitu, mama."

"Mtu anaumwa kwenu?"

"Hapana."

"Basi wewe unaumwa."

"Siumwi, mama. Niazime kidogo tu, nitairudisha sasa hivi."

Aliielekeza kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Thelathini na sita. Akaielekeza kwenye ndoo ya maji baridi. Thelathini na sita na nukta. Akaielekeza mlangoni. Mlango nao ulikuwa mzima wa afya. Alipoirudisha, Roseline aliipokea kwa ncha za vidole, akaifuta kwa khanga. Kabla ya adhuhuri bombani pakajulikana kwamba msichana wa mnazi sasa anapima watu homa kwa siri, na hakuna ajuaye kwa nini.

Cha tatu kilikuwa cha Kimani.

Kimani aliuza maziwa kwenye kibanda karibu na stendi ya Magongo. Alishuka kutoka Limuru na jiko lake la gesi, sufuria zake za bati jeupe, na kipimajoto kimoja chenye uso kama wa saa, mshale mmoja, na sindano ndefu ya chuma ya kuchomeka ndani ya maziwa. Alikitunza kuliko simu.

"Shikamoo, mzee Kimani."

"Marahaba, mtu wetu. Leo nusu ama lita?"

"Leo nakuja na ombi. Hicho kipimajoto chako."

Kimani alikishika kifuani. "Hii? Hii siuzi. Hii nimetoka nayo juu. Unataka kupima nini?"

"Uji."

"Uji wa kupimwa na themomita! Huyo mtoto ni wa mfalme gani?"

Wateja wawili waliokuwa foleni wakaangua kicheko. Kafedha hakuondoka. Alisimama tu, amekunja mikono juu ya leso, mpaka foleni ikaisha, mpaka Kimani akaanza kuona haya kusimamiwa hivyo.

"Mzee," akasema, "mtu anajuaje kwamba kitu hiki kinasema kweli?"

Hilo swali lilimfurahisha. Akavuta kiti. "Ni rahisi. Maji yakichemka inaonyesha mia. Barafu inaonyesha sifuri. Ikienda kando na hapo, tupa kwa takataka. Hii niliipima mimi mwenyewe nyumbani. Haijui kudanganya." Kisha, kwa kuwa alikuwa na moyo, akaongeza: "Chukua. Nirudishie kabla ya maziwa ya jioni. Na usiiangushe, ama tutakosana hadi mbinguni."

Nyumbani Kafedha hakuanza na uji. Alianza na kile alichoambiwa. Akachemsha maji mpaka yakaruka, akachomeka sindano. Mshale ulipanda, ukafika mia, haukusimama. Ukapita. Ukaenda ukakaa hatua saba mbele yake, ukatulia huko kama uliye kwao. Akadhani amekosea. Akaenda kwa muuza samaki, akaomba vipande vya barafu, akavitia majini. Mshale ukashuka, ukakataa kufika sifuri. Ukaganda kwenye saba.

Alikaa chini sakafuni. Rispa alikuwa yumo ndani ya basi tayari. Na kitu pekee alichokipata kilikuwa kinadanganya, tena kwa sura ya ukweli.

Alikirudisha kibandani, akasema kwa upole, kwa sababu alikuwa anamkosoa mtu mzima: "Mzee, samahani. Labda mimi sikujua kukishika. Kimenionyesha mia na saba."

"Haiwezekani."

"Na barafu saba."

"Msichana, nimekuambia nilipima mwenyewe! Nilikaza nati hapa nyuma na mkono wangu, maji yakitokota kabisa!"

"Naamini, mzee. Tuchemshe hapa basi, uone."

Wakachemsha. Kimani aliuona mshale ukipita mia, akakigonga kwa ukucha, akakipuliza, akakichomeka tena. Ukapita tena. Wapita njia wakaanza kusimama. Mmoja akamwambia ameuziwa saa ya ukutani. Kimani hakucheka. Alikuwa anatazama maji yanavyochemka, na midomo inachezacheza kama mtu anayepiga hesabu.

"Limuru," akasema polepole, "mama akiinjika githeri, mahindi na maharagwe, asubuhi, tunaila saa ya kulala. Hapa? Unaweka, unageuka, imeiva. Mke wangu huwa anasema maharagwe ya huku ni laini. Lakini maharagwe ni yale yale, tunatoa huko huko kwetu!"

"Hata Mama Agneta husema hivyo," Kafedha akasema. "Kwamba Mombasa maharagwe hayasumbui."

"Si maharagwe. Ni maji. Kule juu maji yanachemka mapema, kabla hayajashika moto kamili. Mimi nikayaona yanaruka, nikayaita mia." Akashika kichwa. "Niliikaza na maji ya Limuru! Huku nayaepua maziwa kabla hayajafika moto wake, ndiyo maana yanaganda kabla ya adhuhuri, na mimi natukana joto la Mombasa mwaka mzima!"

Akatafuta spana ndogo, akailegeza nati ya nyuma huku sindano imo ndani ya maji yanayochemka, akausogeza mshale hadi mia kamili, akakaza. Wakatia barafu ya jirani muuza juisi. Sifuri. Wakarudia mara ya pili ili roho zitulie. Sifuri, mia.

"Chukua," Kimani akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha majigambo. "Kaa nayo wiki. Maziwa nitapika kwa macho."

Ikabaki jambo moja: kiwiko hakina namba. Mama Agneta alipokwenda kwenye sala za jumuiya, Kafedha alichemsha maji, akayapoza kidogo kidogo, akawa anaingiza kiwiko chake mwenyewe. Kwanza alitaja majina yake: Kafedha wa Karisa wa Ngowa wa Munga. Yalikuwa mafupi, yakaisha upesi, kiwiko hakijaamua. Akaona hapana, hii si pombe ya Wagiriama. Akataja ya mwenye pombe: Agneta wa Makokha wa Anyonyi wa Namatsi, kwa mwendo ule ule wa mkwewe. Mara ya kwanza hakumfikia hata Anyonyi. Akaongeza maji baridi. Mara ya tatu akamfikia Namatsi, kiwiko kinawaka lakini kinavumilia. Mshale ulikuwa umepita arobaini, haujagusa arobaini na tano. Akaweka tone la rangi nyekundu ya kucha juu ya kioo hapo hapo.

Alipoinua kichwa, Mama Agneta alikuwa amesimama mlangoni, kitabu cha nyimbo mkononi.

"Hiyo ni nini?"

"Kipimajoto, mama."

"Cha nini?"

Kafedha alikuwa ameshaiandaa sentensi yake. "Cha kunipima mimi, mama. Wewe kiwiko chako kinajua. Mimi si mtu wa busaa. Nimetaka nijifunze, nisije nikakuaibisha tena."

Neno "tena" lilikaa kati yao. Mama Agneta alilitazama, kama mtu anayetazama sarafu iliyoanguka na hataki kuonekana anainama. Alijua si huyu msichana aliyemwaibisha. Na Kafedha aliona kwamba anajua.

"Busaa ya mama yangu ipimwe na saa ya maziwa," Mama Agneta akanung'unika. Kisha, akienda zake chumbani: "Rispa asiione."

Rispa alifika na mifuko miwili na kuku mmoja, akasalimiwa, akakoga, akala, na kesho yake saa ya kuunga kimea ikamkuta ameweka kigoda katikati ya mlango wa jikoni kama lango la forodha. Hakuna aliyeweza kupita bila kumgusa magoti.

"Agneta, una malaria? Sweta ya nini kwa jua hili?"

"Kifua, wifi."

"Hm. Na wewe msichana, mikono umenawa? Nione. Geuza."

Kafedha aligeuza. Chini ya leso, kiunoni, sindano ya chuma ilikuwa imelala kwenye ngozi yake, baridi.

Uji mzito ulimiminwa pipani, mvuke ukapanda hadi mabati. Jerikeni mbili za maji zilisimama pembeni. Mama Agneta alimimina ya kwanza, akakoroga, akaupandisha mkono wa sweta hadi juu ya kiwiko, kwa upande ambao Rispa haoni, akatumbukiza kiwiko.

"Agneta wa Makokha," alianza.

Kafedha alichukua mwiko, akajifanya anakoroga. Akaipitisha sindano kando ya mti wa mwiko, uso wa saa ukiwa umefichwa na kiganja. Akakifungua kiganja kidogo.

"Wa Anyonyi."

Mshale ulikuwa umepita sitini.

"Wa Namatsi." Mama Agneta akautoa mkono, hakuutazama, akaushusha mkono wa sweta juu ya ngozi iliyolowa. "Iko sawa. Leta kimea."

Kafedha hakusogea.

"Umesikia?" Rispa akauliza.

"Nimesikia, shangazi."

"Basi?"

Beseni la kimea lilikuwa kando ya mguu wake. Angeinama tu, amwage, awe mtiifu, na Jumamosi mirija ingetoka pipani mmoja mmoja. Alimtazama mkwewe. Mama Agneta alikuwa anatazama ukuta, shingo imekakamaa, kama mtu anayengoja kupigwa.

Kafedha akainama. Lakini alichoshika si beseni. Alishika jerikeni ya pili, akainyanyua kwa mikono miwili, akaanza kumimina.

"Mayi wee!" Rispa aliruka kigodani. "Anaizimua! Anaizimua mbele ya macho yangu! Agneta, mzuie!"

Mama Agneta hakumzuia. Maji yaliendelea kuanguka, gudu, gudu, gudu.

"Aliyesema alikuwa mkweli! Mnaniona mimi mjinga? Pombe imekubaliwa na mwenyewe, na huyu anaongeza maji! Ni uchawi ama ni kiburi?"

"Uji ungali moto, shangazi," Kafedha akasema, hakuinua macho.

"Moto? Mwenye mkono amesema uko sawa!"

Rispa alitafuta simu kifuani, akaikosa, akaikuta mfukoni mwa aproni. "Ngoja. Absalom atasikia leo hii. Mimi sitasema peke yangu." Akapiga. Haikushika. Akatoka nje kutafuta mtandao, na sauti yake ikasikika ikielekea bombani, ikiwaambia hata wasiomuuliza.

Jikoni palibaki wawili na pipa. Kafedha alitoa kipimajoto hadharani sasa, akakitumbukiza. Hamsini. Akamimina. Arobaini na nane. Akamimina tena, akakoroga taratibu kutoka chini, akangoja mshale uamue. Ulikuja, ukaingia chini ya tone jekundu, ukatulia. Hapo ndipo akachukua beseni, akamwaga kimea chote, na harufu tamu ya wimbi ikajaa jikoni.

"Mama. Nipe mkono."

Mama Agneta alikataa kwa kichwa. Kafedha aliushika hata hivyo, akaikunja sweta polepole. Ngozi mpya ya kiwiko, ile iliyokuwa imeota juu ya jeraha la kwanza, ilikuwa nyekundu, imeanza kuvimba malengelenge. Mama Agneta aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Umejua lini?" akauliza.

"Tangu sweta."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akamwagia maji baridi ya kata, akarudia, akarudia. Nje Rispa alikuwa ameipata laini, sauti yake ilipanda: "Halo? Halo, Absalom?"

Mama Agneta alimshika Kafedha kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima, akamvuta karibu, akasema haraka, kwa pumzi: "Nisikilize. Wale wa Mikindani waliniuliza. Siku ile ya kwanza, kabla hata ya kukaa. Waliuliza kama nyumba yetu ina ule ugonjwa wa mzee, kwa sababu hawataki kuoa hospitali. Nikawaambia ulikuwa wake peke yake, ulikwenda naye kaburini. Niliapa mbele yao, Kafedha. Rispa akiujua mkono huu, hauwezi kukaa mdomoni mwake hadi Jumamosi. Dorothy atabaki hapa na aibu."

"Lakini mama, unaumwa."

"Najua. Nitakwenda hospitali. Akishaolewa, nitakwenda." Macho yake yalikuwa mlangoni. "Sasa hivi akiingia, sema ni wewe. Ile ya kwanza. Sema ulimwaga kimea kabla sijapima, kwa kutojua. Mimi nitakuombea msamaha. Nitapiga magoti mbele ya Rispa ikibidi, hutarudishwa kwenu, nakuapia. Sema tu ni wewe."

Kandambili za Rispa zilipiga sakafu ya veranda. Aliingia amenyoosha simu mbele kama taa, na ndani yake ngurumo ya injini na sauti ya Absalom, iko mbali, imechoka.

"Haya," Rispa akasema. "Mume wako huyu hapa. Mwambie kwa mdomo wako ni nani aliyeua pombe ya kwanza."

"Kafedha?" simu ikasema. "Kafedha, kuna nini huko?"

Mama Agneta hakuwa amemwachilia kifundo cha mkono. Alikibana, akakibana zaidi, na midomo yake ikasema bila sauti: tafadhali, mwanangu.

Kafedha alifungua mdomo. Nje, barabarani, lori la mafuta likawa linapita, vyombo vikatetemeka kabatini, likapita lote, na Rispa bado amenyoosha simu.